Wananyoosha mguu wa mtoto wangu bure, na mume wangu anauliza wanataka nini

Mpendwa Mama Agneta,

Naomba unisaidie na uniharakishie. Barua hii nimeileta kwa mkono wangu mpaka kwa askari wa geti la redio yenu, kwa sababu simu zenu zinaita tu hazishikwi, na nikisema ningoje zamu, mguu wa mtoto wangu hautaningojea. Naitwa Saumu, nina miaka ishirini na mbili, nakaa hapa Kaloleni, shule niliachia darasa la nane kwa hivyo ukiona mahali nimeandika vibaya unisamehe, kusoma nasoma lakini kalamu ndiyo inanisumbua. Jina langu ulitaje tu hewani, sina haja ya kujificha, mtaa mzima umeshajua.

Mtoto wangu wa kwanza ni msichana, Naeema, anakaribia miezi minne. Alizaliwa analia vizuri, nywele nyingi, lakini mguu wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, wayo wake unatazama juu kama mtu anayetazama kiganja. Nilipoonyeshwa nililia mpaka mkunga akanikemea, akasema hicho ni kitu kinachotengenezwa, akaniandikia kwenye kadi jina la kliniki moja ya mifupa kule Milimani, ya watu wenye uwezo, akasema kila Alhamisi kuna daktari hapo anayewafungia watoto kama huyu plasta bila malipo. Sikuamini. Mimi Milimani nilikuwa naenda kufulia watu nguo tu.

Sasa wacha nikuambie vile huyo daktari alivyo, ndiyo ukinijibu uwe unamjua. Anaitwa Daktari Wakhungu, ni mtu mzima, mfupi, ana tumbo, na akimfikia mtoto hakai kwenye kiti cha daktari, anavuta kistuli cha chini kabisa anakikalia, magoti yake yanakaribia masikio, ndiyo awe sawa na mguu wa mtoto aliye mapajani kwa mamake. Anakuambia umnyonyeshe. Mtoto akinyonya mguu unalegea, na yeye anaushika kwa vidole viwili na dole gumba anausukuma polepole hata huwezi kuona kama anasukuma, huku anaongea na mguu, si na mtoto, anauambia haya bwana mguu, leo unatoka hapa unafika hapa, si mbali. Wanafunzi wake wawili wako kando, mmoja anazungusha bandeji ya plasta iliyoloweshwa, mwingine anaangalia vidole vya daktari kama mtu anayesoma. Ikikauka anaandika juu yake nambari ya wiki kwa kalamu ya wino. Moja. Mbili. Ile ya tatu aliichorea uso unaocheka.

Na mguu ulikuwa unanyooka, Mama Agneta. Kila Alhamisi nilikuwa naona kwa macho yangu. Wiki ya tatu nilimvalisha soksi na soksi ikakaa.

Siku moja alichelewa saa nzima kwa sababu ya mgonjwa wa juu, wa kulipa, na aliposhuka alisimama mbele ya benchi letu akatuomba msamaha mmoja mmoja, kwa jina la mtoto, Mama Griffins nisamehe, Mama Naeema nisamehe. Mimi sijawahi kuombwa msamaha na mtu aliyevaa koti jeupe. Nilirudi nyumbani nikawa nahadithia hiyo tu.

Tena kuna jambo lazima ulielewe ndiyo ujue kosa langu. Plasta inatolewa na mama mwenyewe nyumbani. Daktari anauacha mwisho wa bandeji na kifundo kidogo ili tuupate bila shida, unauloweka mguu kwenye beseni ya maji ya vuguvugu, plasta inalainika, unashika kile kifundo cha bandeji unazungusha mpaka inaisha. Lakini ni Alhamisi asubuhi tu, ukitoka hapo unakwenda kliniki moja kwa moja. Alituonya sote kwenye benchi kwamba si Jumatano, kwa sababu mguu ukilala wazi hata usiku mmoja unaanza kukumbuka ulikotoka.

Mume wangu Abdulrahman ni fundi wa cherehani, ana kibanda Kibuye, na ni mtu mzuri, usije ukamsema vibaya hewani kwa sababu anakusikiliza kila Jumatatu akifanya kazi. Mwaka jana alitengeneza cherehani sita za kikundi cha kina mama wa msikitini bila kuchukua kitu, siku mbili nzima, akazitia mafuta, na chini ya kila cherehani akaandika nambari yake ya simu kwa rangi nyeupe, na mpaka leo wale mama wanamwombea dua. Lakini habari ya huyu daktari ilimkera tangu mwanzo. Nikimweleza vile anavyokaa kwenye kistuli alikuwa ananijibu, "Saumu, mtu wa Milimani hainami bure." Nilikuwa nacheka. Nikamwambia labda anatafuta kitu kilichoanguka.

Sasa wiki ya nne akaja dada mmoja wa ofisi ya hapo kliniki, anaitwa Valerie, ana sauti tamu na kamera. Alinikuta mtoto yuko titini, daktari ameshika mguu anangoja plasta ikauke, mkono wangu mmoja tu ndiyo uko huru, akauwekea huo mkono kalamu. Akaniambia ni karatasi ya picha, kliniki inataka kuonyesha vile inavyosaidia jamii, niweke sahihi hapo chini. Sikuuliza kitu. Niliogopa kwamba nikisema hapana nitaambiwa basi na plasta pia hapana. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, hakusikia ama alisikia, sijui. Nikaandika jina langu. Akatupiga picha, akasema wataichanganya na ile picha ya siku ya kwanza iliyo kwa faili, mguu kabla na mguu baada, na uso wa Naeema katikati, na bango litasimamishwa barabarani kule Kondele.

Nilipokuwa natoka nikampita kwenye veranda akiongea na simu, nikamsikia anasema, "Nimepata wawili. Natafuta mmoja mwingine mzuri, wa bango." Njia nzima nilikuwa najiuliza mzuri ni yupi, ni yule aliyepinda zaidi ama ni yule anayecheka.

Nyumbani nikasema yote, mimi siwezi kuficha kitu. Shangazi Zuhura, aliyemlea mume wangu na tunakaa naye, alishika kifua. Alisema mtoto wa kike mguu wake uliopinda ubandikwe barabarani, Kisumu yote ipite ikitazama, siku ya posa watu wakija kuuliza habari zake wataonyeshwa bango. Nikamwambia Shangazi, mtoto hata kukaa hajui, unamwoza. Akanuna siku mbili. Abdulrahman yeye hakupiga kelele, aliniambia tu nirudi nikamuulize daktari uso kwa uso wanapata nini.

Nikamuuliza. Ilikuwa wiki ya tano, na nilimuuliza nikiangalia chini. Hakukasirika. Alimaliza kuandika tano kwenye plasta, akafunika kalamu, akaniambia:

"Mama Naeema, nikisema sipati kitu nitakuwa nakudanganya. Kliniki inapata jina zuri. Hawa vijana wawili wanapata mkono, kazi hii huwezi kuijua kwa kitabu. Mimi Alhamisi nalala vizuri. Na Naeema anapata mguu. Sasa wewe tafuta hapo nani ameibiwa, halafu uniambie."

Wanafunzi wakacheka na mimi nikacheka. Nilitoka hapo namheshimu zaidi kuliko nilivyoingia, kwa sababu angeweza kuniambia anafanya kwa ajili ya Mungu tu na mimi ningeamini.

Lakini nilipoyarudia nyumbani, neno kwa neno, Abdulrahman alishika lile la vijana. Akaniuliza, "Kwa hivyo mtoto wangu ni cherehani ya kujifunzia?" Akasema, "Warudishie kitu chao. Tukitaka plasta tutanunua."

Mama Agneta, hapa ndipo penye kosa langu. Jumanne nilichota maji ya vuguvugu, nikaloweka ule mguu, nikashika kifundo, nikazungusha mpaka ikaisha, ile plasta ya nambari tano. Hakuna aliyenishikia mkono. Sijui ilikuwa utiifu, sijui ilikuwa hasira ya lile neno "mzuri wa bango", nilitaka tu kusiwe na kitu chao juu ya mtoto wangu ndiyo wakija kudai picha tuwe tumemalizana. Ile bandeji niliisuuza, nikaianika kwenye kamba pamoja na nepi, ikakauka, nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa kuwarudishia.

Alhamisi nikamvalisha Naeema, nikachukua mfuko, nikafika mlangoni nikasimama. Nitamwambia nini, kwamba Daktari nimekuletea bandeji yako? Nikarudi nikaketi. Kliniki wakapiga simu mara mbili sikushika. Mchana ukaingia ujumbe, naunakili hapa vile ulivyo: "Mama Naeema, ni Wakhungu. Leo hatukuwaona. Kama plasta imetoka usiogope, mlete hata kama si Alhamisi." Nimeusoma mpaka nimeushika kwa moyo.

Leo ni Jumapili. Kidole kikubwa kimeanza kuangalia ndani tena. Kidogo tu, mtu mwingine hawezi kuona, lakini mimi nimeona. Na nafikiri Abdulrahman ameona, kwa sababu jana alasiri nilimkuta ameketi na mtoto mkekani, ameshika ule mguu kwa vidole viwili na dole gumba, anausukuma. Akaniuliza bila kuniangalia, "Huwa anasukuma hivi?" Nikamwambia sijui, mimi nilikuwa naangalia uso wake, sikuangalia vidole.

Sasa naomba unieleze. Niende Alhamisi hii ama nimeshajifukuzisha? Kile kibandeji nirudishe? Picha je, na nimeshaweka sahihi? Na lile linaloniumiza zaidi, mtu akikufanyia wema na yeye akawa anapata kitu hapo, huo bado ni wema ama ni biashara imevaa nguo nzuri? Usinifiche. Mimi bado nataka kuamini kwamba yule mtu alikuwa anainama kwa ajili ya mguu.

Ni mimi Saumu, Mama Naeema,
Kaloleni.

MAMA AGNETA ANAJIBU

Saumu, nyathina, mtoto wangu,

Barua yako nimepewa asubuhi hii saa moja na askari wa geti, alikuwa ameiweka ndani ya kofia isilowe na umande. Nimeruka barua tatu za watu waliokutangulia. Watanivumilia, zao ni za mapenzi, na mapenzi yana miguu yote miwili.

Nikugombeze kwanza ndiyo tuendelee vizuri. Umeusoma ujumbe wa daktari mpaka umeushika kwa moyo, halafu unaniuliza kama uende Alhamisi? Usome tena. "Hata kama si Alhamisi." Mtu huyo alikaa na simu yake akatafuta maneno ya kukuondolea hofu, akajua plasta imetoka kabla hujamwambia, na akakufungulia mlango wa kila siku. Wewe ukaangalia mlango ukaanza kuuliza kalenda. Leo ni Jumatatu. Unakwenda leo.

Kabla sijafungua kipaza sauti nimempigia muuguzi mmoja wa mifupa ninayemfahamu, si wa hiyo kliniki. Ameniambia mguu wa mtoto wa umri huo bado ni laini, ukirudishwa mapema huenda plasta moja au mbili za nyongeza zikarejesha kilichopotea. Ukiachwa mwezi, hiyo ni hadithi nyingine. Mimi si daktari, atakayekuambia kwa hakika ni Wakhungu. Lakini neno umelisikia: mapema.

Sasa swali lako kubwa. Umeniuliza kama wema unaompa mtu faida bado ni wema, na umeniuliza mimi, ambaye dakika tano zilizopita mlisikia tangazo la sabuni kabla ya sauti yangu. Hiyo sabuni ndiyo inayolipa umeme wa chumba hiki na nauli yangu ya kurudi nyumbani. Kampuni hainipendi mimi wala haikujui wewe, inataka mfue nayo. Je, ninayokuambia sasa ni ya uongo kwa sababu hiyo? Unikague kwa maneno yangu. Na yule daktari umkague kwa mguu, maana wewe mwenyewe umeniandikia kwamba soksi ilikaa.

Nami sikuambii watu wote wa bure ni sawa. Niliwahi kwenda kupimwa macho bure na kampuni moja, na kila aliyepimwa, mzee kwa kijana, aliambiwa anahitaji miwani, na miwani ilikuwa inauzwa meza ya pili. Wapo hao. Kipimo changu ni kimoja: ukiwanyima wanachotaka, bado watakuhudumia? Wewe hukukitumia kipimo hicho kwa sababu hukuuliza. Ulidhani ukikataa picha utanyimwa plasta, na dhana yako ukaiwekea sahihi. Lakini tazama jibu lilivyokujia lenyewe. Ulikosa kliniki, hukushika simu, na pale ofisini kuna bango linalongoja. Daktari akakuandikia. Ujumbe wake una plasta, una hofu yako, una siku. Picha haimo. Mimi nimeutafuta huo mstari wa picha mara mbili sikuuona.

Yule mtu alikuwa anainama kwa ajili ya mguu, Saumu. Na kliniki inapata jina, na vijana wanapata mkono, na yote hayo aliyataja mwenyewe mbele yako bila kubanwa. Mtu anayetaka kukuibia hakuhesabii vitu vilivyo mfukoni mwake. Mimi katika miaka yangu kumi na sita kwenye kiti hiki nimesoma barua nyingi za watu waliodanganywa, na sijakutana na tapeli aliyejibu swali hilo vizuri hivyo.

Abdulrahman, najua unanisikia, na mkeo ameniomba nisikuseme vibaya, kwa hivyo nitakusema vizuri. Cherehani sita, siku mbili, mafuta juu yake, hukuchukua kitu. Mungu akulipe. Na chini ya kila moja ukaandika nambari ya simu kwa rangi nyeupe. Ni sawa kabisa. Kazi nzuri ina haki ya kujulikana ni ya nani, na mama ambaye cherehani yake itakwama mwaka huu atajua wa kumpigia. Hakuna hata mmoja wao aliyeigeuza cherehani akasema kumbe fundi alitutumia. Basi bango la Kondele ni rangi nyeupe ya hao watu wa Milimani, ni kubwa tu. Na wewe ufundi hukuzaliwa nao. Kuna cherehani ya mtu uliyojifunzia, mwalimu wako akiwa amesimama nyuma yako kama Wakhungu alivyo na wale vijana, na mwenye cherehani akaipata ikiwa inashona. Kilichokuuma si kliniki. Kilichokuuma ni kwamba mtoto wako ana shida na mkono unaoitatua si wako. Kila baba wa maana angeumwa. Lakini nimesikia habari za Jumamosi alasiri, pale mkekani, na nakuomba ufunge kibanda leo uende na mkeo. Utazame vidole, kwa kuwa yeye alikuwa anatazama uso. Muuguzi wangu ananiambia plasta zikiisha mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma katikati, awe analala navyo miaka kadhaa, na chuma hicho kina skrubu za kukazwa na kulegezwa mtoto anavyokua. Nyumbani kwenu nani anajua skrubu?

Shangazi Zuhura, heshima yako. Hofu yako ni ya mtu anayempenda mtoto na kuhusu uso wake uko sahihi, nitafika hapo. Lakini ya posa nakukatalia. Naeema akitembea sawa, hakuna mgeni atakayeuliza miguu yake. Asipotembea sawa, wataulizana hata bila bango.

Basi picha. Saumu, sahihi ile ni yako na unaweza kuiondoa. Bango bado halijasimama. Ukishafungiwa plasta leo, narudia, ukishafungiwa, umtafute Valerie, ukiwa umekaa, mikono yako yote miwili ikiwa huru, umwambie: mguu wa mtoto wangu mnaweza kuuonyesha, kabla na baada, ili mama mwingine anayelia hospitalini ajue ni kitu kinachotengenezwa. Uso wake na jina lake, hapana. Umwombe karatasi nyingine inayosema hivyo, mume wako aisome kabla hamjatia sahihi. Hilo ni wazo langu. Mkikataa yote pia ni haki yenu, na plasta itaendelea. Ikisita hata wiki moja kwa sababu hiyo, uniandikie tena, na hapo nitakuwa na mambo ya kusema.

Na Valerie, kama redio ya ofisi yenu inashika masafa haya, wewe unafanya kazi ya kuwaambia watu habari njema na ni kazi halali. Lakini mama anayenyonyesha huku mguu wa mtoto wake umeshikwa na daktari hawezi kusema hapana, kwa hivyo ndiyo yake hapo haina uzito. Ngoja daktari amalize, mama arudi kwenye benchi. Na watoto wa Alhamisi usiwachague "wazuri" kwenye veranda. Veranda ina masikio, na lile neno lako moja limekaribia kumgharimu mtoto mguu, jambo ambalo bango lenyewe halikufanya.

Ile bandeji uliyoianika na nepi, Saumu, usimpelekee daktari. Hakukukopesha. Itupe, ama Shangazi afungie mche wa nyanya. Kwake upeleke mtoto, na useme, "Daktari, niliitoa Jumanne, mimi mwenyewe." Basi. Usilie sana mlangoni, utamchelewesha. Atavuta kistuli chake, atakuambia umnyonyeshe, na wewe safari hii mwambie mumeo asogee karibu.

Sasa ni saa tatu na dakika kumi. Najua uko Kaloleni umekaa karibu na redio na Naeema mapajani, mguu uko wazi. Haya, mama. Zima redio uondoke. Hawa wengine nitawasomea barua zao za mapenzi.